Mkaaji Niliyemwandika Mgeni

Muthetheni, Machakos
Jumapili, baada ya kanisa

Kwako Mama yangu,

Shikamoo, Mama. Natumai barua hii itakukuta umekaa nje ya nyumba, mguu umeunyoosha juu ya kigoda kama daktari alivyosema, wala si shambani umeinama unapalilia huku ukiwaambia watu goti limepona. Najua utasema limepona. Ndiyo maana nimemwagiza Mjomba akutazame kwanza unavyoinuka kitini, ndipo akukabidhi barua, halafu anipigie aniambie ukweli. Nyanya naye hajambo? Bado anamwita kaka Karisa mume wake na kumdai nguo za sikukuu? Hilo la Nyanya na Karisa uliweke akilini, maana ndilo lililoniponza huku, na utaona.

Mimi ni mzima, na siku hizi nina furaha mpaka watu wananiuliza nimepata nini. Baridi ile ya kutoa machozi imekwisha, mvua zimeanza, na kila mtu yuko shambani. Simu tunapigiana, ndiyo, lakini wewe ukishika simu unapaza sauti kana kwamba niko ng'ambo ya mto, na ukishasikia nimekula unakata. Haya ya leo ni marefu. Nimeona niyaandike, akusomee Karisa polepole, na umkataze kuruka mistari.

Nazi zilifika zote sita. Mjomba alisimamisha lori pale Mlolongo karibu na mizani, akamwachia gunia mama mmoja muuza chai, nami nikazifuata kesho yake. Mama wa chai aliniuliza hayo mawe yenye nywele ni ya nini. Nazi hizo zina kisa chake, nitakifikia.

Kazi ni ile ile. Natembea nyumba hadi nyumba na simu ya kazi, nikiuliza maswali ya bima ya afya ya serikali. Mtu wa mshahara anakatwa huko huko kazini, lakini mkulima serikali haijui ana nini, basi inakisia. Inauliza paa ni la nini, ukuta ni wa nini, maji mnateka wapi, mnapikia kuni au gesi, mifugo mingapi, na zaidi ya yote, watu wangapi. Nikishajaza nabonyeza, simu inazungukazunguka kidogo, halafu inatoa jibu: hawa walipe wenyewe yote, hawa serikali iwaongezee, hawa serikali iwalipie kila kitu. Si mimi ninayeamua, Mama. Lakini ninachokiandika ndicho kinachoamua, na uzito wake nilikuwa sijauhisi.

Watu wa huku ni wakarimu, ila wana vituko. Wengine wakisikia kuna mtu wa kuhesabu, mbuzi wote wanapelekwa mtoni kunywa maji, hata kama wamekunywa sasa hivi. Mzee mmoja kila nilichomuuliza alinijibu, "Hiyo Mungu anajua," mpaka nikafika swali la choo. Kiswahili changu wanakicheka, wanasema ni cha redio. Nami nacheka chao kimoyomoyo, maana huku kila kitu ni "niko na". Niko na njaa, niko na ng'ombe, niko na mgeni.

Halafu kuna neno lililo kwenye fomu: kaya. Mara ya kwanza nilipolisoma nilishtuka, maana kwetu kaya ni msitu wa wazee, huingii na viatu. Kumbe serikali inamaanisha watu wa nyumba moja tu. Huku hawalijui kabisa. Nikimuuliza mtu mkuu wa kaya ni nani, ananielekeza kwa chifu.

Kwa kawaida natembea na Kioko, mhudumu wa afya wa kijiji, baba wa watoto watano, mtu anayejua kila njia na kila mbwa. Yeye ndiye ananitafsiria Kikamba pale Kiswahili kinapokwama. Siku ninayotaka kukusimulia Kioko alikuwa na harusi ya binamu yake. Mimi, kwa kiburi cha kuona nimeshazoea, nikaenda peke yangu.

Nyumba ilikuwa ya mama mmoja mzee anayeitwa Syombua. Wote wanamwita Susu, yaani nyanya. Mrefu, mwembamba, amevaa koti la marehemu mumewe, anasuka kiondo, kikapu chao cha katani, huku anakuangalia wewe, vidole vinajiendea vyenyewe. Nyumba ni ya matofali, alijenga marehemu. Kuna tangi la maji, ng'ombe mmoja wa maziwa na mbuzi wanne ambao hakuwaficha hata kidogo. Alinionyesha mmoja mmoja. Ng'ombe alitaka nimwandike kwa jina, nikamwambia simu haina mahali pa jina la ng'ombe, akasikitika.

Akatoka ndani mwanamke kijana, mjamzito, amebeba chai, na nyuma yake watoto wawili wa shule. Nikauliza, "Huyu ni nani wako, Susu?"

"Huyo ni bibi yangu," akasema, maana yake mke.

Nikacheka. Mama, ningefanya nini? Nimekulia nyumba ambayo Nyanya anamwita Karisa mume wangu, na siku Karisa alipoleta mchumba Nyanya akamwita mke mwenzangu akataka wagombane. Nikajua ni utani wa kizee. Nikasema, "Haya Susu, utani tuuweke pembeni. Ni mtoto wako?"

"Si mtoto yangu."

"Ni mke wa mwanao?"

"Mimi sina kijana. Mungu hakunipea mtoto hata mmoja."

"Basi ni nani?"

"Si nimekuambia?"

Nikaitazama orodha ya simu. Mke au mume, mtoto, mkwe, mjukuu, mzazi, ndugu, mfanyakazi, mgeni. Mtoto si mtoto, mkwe si mkwe. Nikabonyeza mgeni, na nilibonyeza kwa kujiamini kabisa. Wageni simu haiwahesabu, na watoto wao wanawafuata. Halafu nikanywa chai ya Mwikali, ndilo jina lake, nikaomba na ya pili.

Nilipokuwa nafunga mkoba Susu aliniuliza, "Umetuandika wote?"

Nikamjibu, "Nimewaandika, Susu." Hilo ndilo lililoniuma baadaye kuliko yote.

Kwa hiyo simu ilichokiona ni hiki: mama mzee mmoja, nyumba ya matofali, tangi, ng'ombe, mbuzi wanne, mdomo mmoja wa kulisha. Ikasema huyu anajiweza, alipe yote mwenyewe, na alipe ya mwaka mzima kwa mkupuo. Mwikali na watoto hawakuwa popote.

Wiki tatu zikapita. Siku moja, saa nne asubuhi, nasikia hodi kwenye chumba changu hapa sokoni, nafungua ni Mwikali. Ametembea kutoka kwao na tumbo lile. Watoto wake wote wawili walizaliwa kwa upasuaji, na muuguzi alikuwa amemwambia huyu wa tatu naye hatatoka kwa njia nyingine, kwa hivyo ahakikishe bima iko sawa mapema. Alipoenda kuuliza dirishani pale hospitalini, jina lake halikuonekana kwa nyumba yoyote.

"Pengine ni mtandao," akaniambia. "Nimeona nikuulize wewe kwa sababu wewe ndiye ulituandika."

Alisema kwa upole, Mama. Heri angenigombeza. Nikafungua simu mbele yake, na pale ikawa imeandikwa, Mwikali, mgeni. Nikamwambia nitarekebisha. Nilikuwa bado sijui ninarekebisha nini.

Nikamtafuta Kioko, nikamsimulia yote, mpaka ule utani wa bibi yangu. Kioko alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akaacha kucheka.

"Sidi," akasema, "yule mama amekuambia ukweli. Ni bibi yake. Alimuoa."

Ndipo akanieleza. Huku kwao mwanamke aliyekosa mtoto anaweza kuoa mke. Anapeleka mbuzi kwa wazazi wa msichana vile vile ambavyo bwana angepeleka, wazee wanakaa, wanakubali, na msichana anakuja kwa heshima zote. Mke wa namna hiyo wanamwita iweto. Watoto anaowazaa ni wa nyumba ile, wanachukua jina la marehemu, na shamba ni lao. Kanisani hawalisemi sana, lakini hakuna anayelikataa.

"Na baba yao?" nikauliza.

"Hiyo si swali ya kuuliza," akasema Kioko, na wewe Mama usiniulize. Halafu akaongeza, "Na unajua Mwikali ni kusema nini? Ni mtu wa kukaa. Mkaaji. Sasa wewe umechukua Mkaaji ukaandika mgeni."

Nilitamani ardhi inimeze.

Kesho yake tukaenda wote wawili. Nilikuwa nimeyapanga maneno ya kuomba msamaha tangu alfajiri, lakini Susu hakunipa nafasi. Aliendelea kusuka, akaniambia bila kupandisha sauti, "Umeniandika mtu hana watu."

Nikaitoa simu mkobani.

"Mzee wangu alikufa mimi nikiwa bado na nguvu," akasema. "Shemeji zangu wakakuja kupima shamba na kamba. Wakasema, hapa hakuna watu. Nikauza ng'ombe nne, nikaoa. Sasa niko na bibi, niko na watoto wawili na wa tatu iko njiani. Na wewe umekuja na simu, umesema ile tu walisema."

Mama, nililia. Nililia pale pale mbele ya Kioko na kuku. Susu akaniangalia, akasema, "Wacha kulia, lete hiyo simu." Alikuwa ameshaamua kumpeleka ng'ombe mnadani siku ya soko ili alipe ile ya mwaka, tena kwa jina lake peke yake, kwa sababu alidhani akishalipa yeye basi nyumba nzima imelipiwa. Ng'ombe yule ndiye maziwa ya wale watoto, na maziwa yanayobaki ndiyo sukari, sabuni na mafuta ya taa. Soko lilikuwa siku mbili mbele.

Nikaanza. Nikamfuta Mwikali kwenye mgeni, nikaweka mke. Simu ikatoa maandishi mekundu: mkuu ni mwanamke, mke ni mwanamke, kosa, rudia. Nikarudia, likaja jekundu lile lile. Nikampigia msimamizi wetu mjini, mtu mwema aliyechoka, naye akasema hiyo fomu haikufikiriwa hivyo, niweke mkwe.

"Mkwe ya nani?" akauliza Susu. "Kijana iko wapi? Nionyeshe yeye nimsalimie."

Nikasema labda mfanyakazi. Mwikali aliinua kikombe changu akaenda nacho jikoni, na chai ilikuwa bado haijaisha.

Nilikuwa naiangalia ile orodha kama mtu anayetafuta sindano. Halafu nikaiweka simu chini, nikajiambia, Sidi, acha kuuliza kama fomu, uliza kama mtoto wa mama yako. Nikasema, "Susu, nisamehe, tuanze upya. Nani wanakula sufuria moja na wewe?"

"Sisi wote," akasema, mara moja tu, bila kufikiri. "Hapa ni sufuria moja."

Nikajua basi shida si watu, shida ni nani wa kwanza. Nikawaeleza. Fomu inaanza na mkuu, na kila mwingine anaitwa kwa kumtazama yeye. Nikianza na Susu, simu haina jina la kumpa Mwikali. Lakini nikianza na Mwikali, watoto ni watoto wake, hapo hakuna kosa, na Susu naye atapata mahali. Ila jina la mkuu wa nyumba litakuwa la Mwikali.

Mwikali alikuwa amesimama mlangoni. Akatikisa kichwa. "Siwezi kukaa mbele ya Mwaitu," akasema. Mwaitu ni mama. "Heri niende nizalie hapa nyumbani."

Susu akaacha kusuka. Ndiyo mara ya kwanza nilipoviona vidole vyake vimetulia. Hebu fikiria, Mama. Mwanamke huyu amepigana na shemeji, amepigana na midomo ya watu, ili aitwe mwenye nyumba, na sasa anaombwa na simu ajivue cheo chenyewe. Nami ndiye niliyemletea maneno hayo. Kioko alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Nikiwa nyuma ya Mwikali," akasema Susu, "simu itaniita nani?"

Nikatazama orodha. Mtoto, mkwe, mjukuu. Kidole kikasimama. "Mzazi," nikasema.

"Soma tena."

"Mzazi, Susu. Mkuu wa nyumba, Mwikali. Mzazi, Syombua."

Akanyoosha mkono, nikampa simu. Kusoma hajui, lakini alilishika lile neno kwa macho muda mrefu, akaniomba nimwonyeshe linaanzia wapi na linaishia wapi, nikamwonyesha. Akampa na Mwikali aone. Mwikali alikuwa analia sasa, zamu yake.

"Andika hiyo," akasema Susu. "Andika haraka kabla ibadilishe mawazo."

Nikamuuliza tena yote kuanzia paa mpaka choo, akajibu kama mtu anayesoma Biblia. Watu wanne, sufuria moja, kuni, mbuzi wanne, ng'ombe mmoja, naye akataja jina lake tena kwa kunijaribu. Nikabonyeza. Mtandao wa Muthetheni unaujua, nimekusimulia. Simu ikazunguka, ikazunguka, Kioko akaipandisha juu ya tangi la maji, ikazunguka huko. Ilipoleta jibu alilisoma yeye kutoka kule juu: serikali inailipia nyumba hii yote, mwaka mzima.

Hakuna aliyepiga kelele. Susu alisema, "Basi ng'ombe haendi soko," akarudia kiondo chake. Ila nilimwona anautabasamia ule uzi wa katani.

Mwikali alikwenda hospitali ya mjini siku aliyoambiwa, Jumatatu asubuhi. Nami niliomba ruhusa nikawafuata. Susu nilimkuta kwenye benchi la nje na kiondo chake, amevaa koti lile lile, amekisuka karibu kukimaliza kwa wasiwasi. Dirishani walisoma jina, wakasoma nambari, wakasema endelea, na mimi nikakaa benchini kama ni mimi ninayesubiri kupasuliwa. Saa tano ilikuwa haijafika, muuguzi akatoka akasema ni msichana, na mama yake yuko salama. Susu alimwambia asante, halafu akaketi na kumaliza mzunguko wa mwisho wa kiondo. Alipoufunga ule uzi ndipo akainuka kwenda kumwona mtoto.

Sasa kisa cha nazi. Walipofika nyumbani, wanawake wa jirani wakakusanyika kumpa mtoto jina, na mimi nikaalikwa. Nikasema nitapika. Huku wanazo mbaazi nyingi, Mama, mbaazi mpaka kwenye mipaka ya mashamba, lakini wanazichemsha na mahindi tu, na muthokoi wao wa mahindi yaliyokobolewa, na chumvi, basi. Nimekula nikashiba, sisemi uongo, lakini kila mara nilikuwa naiwaza nazi. Nikabeba nazi zako nne. Nikafika jikoni, nikavunja nazi ya kwanza, wanawake wakanizunguka kutazama, nikamgeukia Susu nikauliza, "Mna mbuzi?"

Susu akaniangalia kwa jicho baya. "Si ulishaandika? Ni nne."

"Sio hao. Nataka mbuzi ya jikoni."

"Jikoni hatufugi," akasema, na mmoja wa wanawake akaenda mlangoni kuangalia kama wako salama.

Nilipowaeleza kwamba kwetu mbuzi ni kile kibao cha kukunia nazi, walicheka mpaka Mwikali akapaza sauti kutoka chumbani wamwonee huruma, mshono unavutika. Susu akasema sasa ameelewa kwa nini fomu yangu ilikosewa. Nikazikuna nazi kwa kisu, nikaumia kidole, tui likatoka jepesi kuliko la kwako, lakini sufuria ile ilikombwa. Mzee mmoja jirani alirudi mara tatu akidai amesahau fimbo.

Baada ya kula wakamleta mtoto. Susu akampakata. Huku wanapenda kumwita mtoto kwa jambo lililokuwapo alipozaliwa. Aliyezaliwa na mvua anapewa jina la mvua, kama Susu mwenyewe. Na siku alipozaliwa mvua ilikuwa inanyesha, nikajua atapewa jina la nyanya yake. Susu akawatazama watu wote, akanitazama mimi, akasema, "Huyu ni Mueni."

Wanawake wakapiga vigelegele, wengine wakanigeukia wakicheka. Nikamuuliza Kioko polepole, Mueni ni nini.

"Ni mgeni," akasema. "Anaitwa hivyo mtoto akizaliwa wakati kuna mgeni kwa nyumba. Huyo mgeni ni wewe."

Mama, sikujua nicheke au nilie, nikafanya yote mawili. Susu alikuwa ananiangalia kwa jicho lile la mtu aliyekusubiri kwenye kona. Akasema, "Sasa toa simu. Andika."

Nikaandika. Jina, Mueni. Uhusiano na mkuu wa nyumba, mtoto. Simu haikuleta jekundu. Watu watano.

Kwa hiyo ndivyo nilivyo, Mama, nina mtoto wa jina huku Ukambani, na kila siku ya soko naulizwa habari za wajina wangu. Kila nyumba ninayoingia sasa naanza na sufuria. Kaya naitamka mwisho, nikiwa nimeshawajua.

Na hapo kwetu watakuja, kama hawajafika. Nakuomba usiazime viti vya Mama Kadzo ili sebule ionekane nzuri. Nakujua. Simu itaviona viti itadhani tunajiweza, na Mama Kadzo atakaa chini mpaka jioni. Mbuzi wataje walivyo, wale wa miguu tu, ile ya jikoni haihesabiwi. Na wakikuuliza nani analala hapo siku nyingi za mwaka, usinitaje kwa ajili ya mapenzi. Kwa kanuni ya fomu mimi kwako ni mgeni. Niache nje, usigombane na mtoto wa watu aliyetumwa. Ila kandarasi yangu inaisha kabla ya Krismasi, na siku nitakayofika upike na fungu langu.

Nisalimie Nyanya, umwambie utani wake umevuka mpaka Machakos ukanitia matatani, na mume wake Karisa amnunulie hizo nguo. Nisalimie Karisa mwenyewe, msomaji wetu, ambaye najua ameruka mahali pa kulia. Nisalimie shemeji yangu mtarajiwa, Mama Kadzo jirani mwema, na mwalimu wa kwaya, mwambie huku nimewekwa sauti ya tatu na sijafukuzwa.

Kiondo atakachokupa Mjomba pamoja na barua hii ndicho kile Susu alichokimaliza hospitalini. Nilitaka kukilipia akakataa, akasema, "Hiyo ni ya mama yako." Nikamuuliza nikuambie kimetoka kwa nani, maana humjui. Akafikiri kidogo, akasema, "Mwambie imetoka kwa mzazi mwenzake."

Mwanao,
Sidi